Modeli ya 1:25 inanitoa jasho na kuchora sijui, nitatoboa kozi ya ubunifu wa jukwaa?

SWALI: Shikamoo dada. Nimepata nafasi chuo kusoma ubunifu wa jukwaa na ufundi wa tamthilia, ila kabla muhula haujaanza wametupa kazi, tujenge modeli ya seti (mandhari ya kujengwa jukwaani) ya sebule yenye ngazi kwa skeli ya 1:25 pamoja na ramani yake. Mimi nilisoma hesabu na fizikia, kuchora ni sifuri, nikichora mtu anatoka kama kijiti cha kiberiti. Hiyo skeli naifanyaje? Na je, asiyejua kuchora anaweza kumaliza kozi hii au nihamie tu upande wa taa mapema?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Tuanze na skeli maana hiyo ndo ya wiki hii, la kuchora tutalifikia.

1:25 maana yake kila kipimo unakigawa kwa 25, basi. Mita 1 inakuwa sentimita 4. We mtu wa hesabu hapo huna shida, shida ni kwamba jicho bado halijazoea, utakata kitu, utakiona kiko poa kabisa, kumbe ukikirudisha kwenye ukubwa wake ni kichekesho. Kwa hiyo kabla hujakata ukuta wowote kata mtu kwanza. Mtu wa kadibodi wa sentimita 7, huyo ni mtu wa mita 1.75, mwekee kitako kidogo asimame, na asitoke ndani ya modeli mpaka siku ya kukabidhi. Kila unachojenga mpeleke akakijaribu, mlango anapita? kiti kina kimo cha milimita 18 (yaani sentimita 45 za kweli)? meza milimita 30? Ukimwona anafanana na mtoto aliyepotea ndani ya ghala ujue umekosea mahali.

Mi nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa mwaka wa pili nilipata seti yangu ya kwanza ya kujengwa kweli na ndani yake kulikuwa na ngazi kama hiyo yako, nikazijenga kwenye modeli kila kipandio sentimita 1, kwa sababu moja tu, sentimita 1 ni rahisi kupima. Modeli ikapendeza, watu wakaisifia, mafundi seremala wakajenga kile nilichowapa. Sasa sentimita 1 mara 25 ni sentimita 25, wakati kipandio ambacho mtu anakipanda bila kukifikiria ni kama 17 au 18, yaani milimita 7 hivi kwenye modeli. Siku ya kwanza ya mazoezi jukwaani mwigizaji kavaa gauni refu, anatakiwa ashuke huku anaongea na macho yakiwa kwa watazamaji, akashuka kimoja, akashuka cha pili, cha tatu akasimama akashika ukuta akaniangalia. Hakusema neno. Ngazi ilibomolewa usiku ule ule, vipandio vikaongezwa, vilipoongezwa ngazi ikarefuka ikala nafasi ya sofa, sofa ikasogezwa, taa zote zilizokuwa zinalenga sofa zikalengwa upya. Milimita 3 zile.

Sasa ramani. Ukiniambia hujui kuchora halafu unasema umesoma hesabu nacheka, maana ramani ya sakafu ya jukwaa ni grafu ya x na y tu. Kuna mstari wa katikati unaogawa jukwaa kushoto na kulia, na kuna mstari wa mbele ambapo seti inaanzia, kila kona ya kila ukuta unaipa namba mbili: iko umbali gani kutoka katikati, na umbali gani kutoka mstari wa mbele. Fundi atakuja na tepu, atapima hizo namba mbili na atabandika alama sakafuni, uzuri wa mistari yako hata hautamgusa. Kitu kimoja tu usichanganye, kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji akiwa ameelekea watazamaji, sio kulia kwako wewe uliyekaa kitini. Nimeona mtu kajenga seti nzima imegeuka kama kwenye kioo.

Na angalia ramani unayodesa imetoka wapi. Za Marekani nyingi zinatumia nusu inchi kwa futi moja, hiyo ni 1:24, au robo inchi ambayo ni 1:48. Utasema 24 na 25 si ni ndugu, ila jukwaa la mita 10 kwenye karatasi ya 1:24 linatoka sentimita 41.7, ukiisoma kwa rula ya 1:25 unapata mita 10 na sentimita 42. Hizo sentimita 42 ndo zinazofanya ukuta ugome kuingia siku ya kufunga seti wakati watu wote wanakuangalia.

Usianze na modeli ya rangi. Tengeneza kwanza ile nyeupe, kadibodi tupu, gundi kidogo, kitu ambacho hutaona uchungu kukikata. Kosa kubwa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kupaka ukuta maua siku ya kwanza, halafu mwongozaji akiomba ukuta usogee wanagoma kwa sababu wamekesha nao. Modeli nyeupe ikiwa tayari chukua simu, weka kamera pale ambapo jicho la mtu wa kiti cha pembeni kabisa safu ya kwanza lingekuwa, piga picha. Rudia upande wa pili. Rudia kiti cha juu kabisa nyuma. Kama kitanda ambacho mtu anafia hakionekani na robo ya ukumbi basi huna seti, una picha nzuri ya watu wa katikati. Kwenye ramani unafanya hivohivo kwa rula, unavuta mstari kutoka kiti cha mwisho kupita ukingo wa ukuta wa pembeni uone unaangukia wapi, na huohuo mstari unakuambia kama watazamaji wanawaona waigizaji wanaosubiri nyuma wakinywa maji.

Kuhusu kuchora kwa mkono, sitakudanganya, inasaidia, maana kwenye kikao mwongozaji anaongea haraka na mchoro wa sekunde 20 unamaliza ubishi wa nusu saa. Lakini huo mchoro hauhitaji kupendeza, na watu wako wa vijiti wanatosha kama wana kimo sahihi. Mengine utayafanya kwenye programu kama Vectorworks, AutoCAD au SketchUp, na chuo kitakufundisha. Kozi nyingi za aina hii mwaka wa kwanza wanakuzungusha kila idara, useremala, mavazi, taa, sauti, usimamizi wa jukwaa, halafu ndo unachagua. Kwa hiyo usihame kabla hujaonja.

Halafu hilo la kukimbilia taa, nani kakwambia huko hakuna ramani? Mbunifu wa taa anaishi ndani ya ramani kuliko hata wa seti, kila taa inachorwa imening'inia wapi, inalenga wapi, inatumia waya gani. Ila fizikia yako kweli itakubeba huko. Mfano taa ikiwa mita 4 kutoka kwa mwigizaji halafu bomba linaloning'iniza taa likapandishwa, taa ikawa mita 8, mwanga haupungui nusu, unabaki robo, ile kanuni ya mraba wa umbali uliyokariri kwa ajili ya mtihani. Na mawasiliano kati ya meza ya taa (ile yenye vitufe vya kuziongoza) na taa zenyewe yanaenda kwa DMX512, mfumo wa mwaka 1986 ambao bado upo kila mahali, una chaneli 512 kwa kila laini na kila chaneli inabeba namba kutoka 0 hadi 255. Taa inayojizungusha yenyewe ikila chaneli 16 (mwangaza, kugeuka, rangi na kadhalika), ya kwanza unaipa anwani 1, yaani chaneli inayoanzia, ya pili 17, ya tatu 33, mpaka zinajaa 32. Ukikosea ukaipa ya pili anwani 16, chaneli ya mwisho ya taa ya kwanza inagongana na ya kwanza ya taa ya pili, utaona taa moja inageuka kila mwenzake akibadilisha kitu na utadhani ina mashetani. Na waya wa DMX unapita taa moja kwenda nyingine kama shanga, haugawanywi matawi kwa plagi ya kuchomeka, mwisho wa laini unafunga kizuizi cha umeme (rizista) cha omu 120 ili mawimbi yasirudi nyuma.

Kwa hiyo kwa mtu wa aina yako ningesema nenda umejiandikisha ubunifu, omba zamu za taa kila zikitokea, uamuzi uje mwaka wa pili.

Kabla hujafika tafuta rula ya chuma, rula ya skeli ya pembe tatu yenye 1:25 na 1:50 (hakikisha ina 1:25, si zote zinayo), tepu ya mita 5, viatu vya kufunika vidole, na kisu chenye nyembe za kubadilisha. Nyembe badilisha mara kwa mara, ile butu ndo inateleza kwenye kadibodi na kukufuata kidole.