Kuanza kabla ya tarehe si kuchiti

Dada uliyeuliza kama kuanza Bleak House, riwaya ya Mwingereza Charles Dickens, wiki moja kabla ya mwezi wetu wa kusoma vitabu vya enzi za Malkia Victoria ni kuchiti, anza tu leo wala usijishtukie. Lile dude lina sura 67, na wenyewe Waingereza walilisoma kidogokidogo, lilikuwa linatoka vipandevipande kila mwezi toka Machi 1852 mpaka Septemba 1853, sasa wewe unataka ulimalize kwa siku 30? Mwanzoni utaona matope na ukungu wa London tu, ukungu mtoni, ukungu mpaka ndani ya kiko cha nahodha, vumilia, kesi ya mirathi inakuja. Mi mwaka jana nilianza tarehe moja nikagotea sura ya 20 😂