Rangi za dukani wachana nazo, jikoni kwako muna vyote

Dadangu umeuliza utawafundisha vipi sanaa watoto wako wa miaka 5 na 9 likizo hii na pesa ya rangi hakuna, na wenyewe ni simu asubuhi hadi usiku. Mimi nafundisha naseri huku Kisauni, Mombasa, na Jumamosi watoto wa mtaa waja barazani kwangu twachora na kuundaunda vitu, kwa hivo nakwambia nnayoyaona.

Kwanza usikope pesa ya rangi. Mtoto umpe kalamu 24 atachora nyumba, jua pembeni na ua moja, amalize arudi kwa simu. Mpe vitu vitatu tu, tuseme katoni, uzi na vizibo vya soda, umwambie niundie kitu kinachotembea, alafu ondoka hapo. Usimuoneshe sampuli!! Hili ndo kubwa kushinda vifaa vyote, manake ukitengeneza chako ukakiweka mbele yake atakinakili na hiyo ni kazi ya mikono tu, ubunifu haumo (na nyie wazazi wa CBC, huu mtaala wa shule zetu Kenya, mnaomaliza mradi wa mtoto saa nne usiku ye kalala, nawaona). Atakwambia sijui, atalia kidogo, atakwambia kachoka, muache tu, akishaboeka vizuri ndo mkono waanza kutafuta.

Sasa rangi. Manjano ya mchuzi koroga na maji kidogo, hiyo rangi tayari. Wakishapaka wape maji ya magadi wadondoshee juu, ile manjano yageuka nyekundu iliyokolea pale pale, wakamulie ndimu yarudi manjano tena. Wallahi hapo simu itasahauliwa. Nyeusi ni makaa ya jiko yaliyopoa, hudhurungi ni hina au majani ya chai yaliyochemka sana. Brashi ni mswaki, ile miti inayouzwa nje ya misikiti, itafune ncha mpaka ifumuke. Ila kanzu nyeupe zifiche mbali manake manjano haitoki hiyo, na karatasi ukizianika juani siku nyingi rangi yapauka, waambie mapema wasije wakalia.

Gundi ni unga wa ngano na maji, pika kama uji mwepesi mpaka ung'ae, tia chumvi usichache haraka. Kwa hiyo na magazeti waweza kuunda bakuli au kinyago juu ya puto, tabaka moja likauke ndo uweke jengine.

Huyo wa 9 mpe ndara zilizokatika, zimejaa ufuoni. Kata wewe kwa wembe, ye asugue kwa msasa mpaka litoke samaki au gari. Na umuhadithie Flipflopi, lile jahazi la Lamu alilounda fundi Ali Skanda na wenzake, 2018 lilishushwa majini, mita 9, limeundwa kwa plastiki iliyookotwa na ubavuni limevishwa ndara kama 30,000, na 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Mtoto akisikia takataka imefika Unguja kwa tanga hakuulizi tena kwani tutaenda lini kununua vifaa.

Mchezo wangu nnaoupenda mimi ni wa leso, yaani kanga. Chukua kalenda ya mwaka jana, geuza nyuma. Waeleze leso ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yale maneno yanayoandikwa, chini yake, kisha kila mtu achore yake kwa rangi mbili peke yake, na jina atunge mwenyewe, asiibe la leso ya nyanyake. Huyo wa 5 hajui kuandika bado, akutajie umuandikie kama alivosema bila kumrekebisha. Kwangu kuna kitoto kimetunga UGALI KILA SIKU NANYI MWAONA SAWA, mamake kaja kumchukua kaisoma kanuna mpaka leo hajaniamkia.

Hiyo ya leso anza nayo jioni wakishaoga, ya manjano fanyieni uani mchana. Na huyo mkubwa akikwama kwenye kusugua ndara niulize hapa hapa, kuna zingine zafumuka tu hazisuguliki, hizo mpe mdogo agongee mihuri.