The Testament: kwa nini wengine wanaipenda na wengine inawachosha

Dada umeuliza mbona riwaya ya The Testament ya John Grisham (1999) wengine wanaisifia hadi basi na wengine wanasema imewachosha, mi naona wengi walifuata kesi wakakutana na kanisa 😂 maana mwanzo ni moto, bilionea Troy Phelan anaandika wosia kwa mkono wake, watoto wake wote wa ndoa anawapiga chini, dola bilioni 11 zinaenda kwa binti wa nje ambaye hata hawamjui, mmishenari huko Pantanal, eneo la mabwawa na mito Brazil, halafu mzee anajirusha ghorofani.

Baada ya hapo ni boti na mito na wakili Nate, anayetumwa kumtafuta huyo binti huku anapigana na pombe, so wapenzi wa korti hapo ndo wanaanza kusinzia. Ila ile sehemu ya Snead, mtumishi wa mzee, anayenunuliwa na mawakili wa watoto aseme bosi alikuwa chizi ili wosia ufutwe, tamu sana aisee.

Kuhusu dini, Nate kuokoka mi sijaona mahubiri, mtu kapigika hivyo lazima amtafute Mungu. Shida yangu ni Rachel, yule binti mmishenari, mtakatifu mno, pesa zote hizo hata hashtuki? Lakini Grisham mwenyewe ni Mbaptisti na ashaenda Brazil kwa misheni na kanisa lake kwahiyo anaandika anachokijua.

Kama unataka mabishano ya mahakamani tu, we anza na kitabu chake kingine, A Time to Kill, hii isubiri likizo.