Wauaji wa Hadithini: Wa Mfululizo na wa Halaiki

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika hadithi ya upelelezi ambayo mhusika wake mwovu anaua watu saba usiku mmoja katika nyumba ya wageni. Rafiki yangu aliyeusoma mswada anasema huyo ni muuaji wa mfululizo kwa kuwa waliouawa ni wengi, nami naona jina hilo halimfai. Je, ni idadi inayoamua? Na je, tofauti hiyo ina uzito kwa mtunzi, au ni jambo la polisi na mahakama tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Idadi haiamui, na rafiki yako amekosea. Kinachowatenganisha wauaji hawa ni muda unaopita kati ya kifo kimoja na kingine. Muuaji wa mfululizo huua, kisha huyarudia maisha yake ya kila siku, akaenda kazini, akasalimiana na majirani na kulipa kodi ya pango, halafu baada ya siku kadhaa, miezi au hata miaka akaua tena. Muuaji wa halaiki humaliza yote katika tukio moja, na mara nyingi yeye mwenyewe hukamatwa au hufia papo hapo. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, mjini San Antonio mwaka 2005 ulipendekeza kwamba mauaji ya mfululizo yahesabiwe kuwa ni kuuawa kwa watu wawili au zaidi na mhalifu yuleyule katika matukio tofauti. Wawili tu wanatosha. Kwa mauaji ya halaiki, kigezo kilichozoeleka huko ni watu wanne au zaidi katika tukio moja, ingawa sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 2013 imetaja watatu. Kwa hiyo anayeua mmoja Januari na mwingine Septemba anaweza kuitwa wa mfululizo, na anayeua ishirini usiku mmoja asiitwe hivyo.

Swali lako la pili ndilo lenye utamu, kwa sababu muda ule unaowashughulisha wapelelezi ndio pia unaompa mtunzi taharuki. Tazama yaliyotokea London mwaka 1888, katika mtaa wa Whitechapel na viunga vyake. Kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Novemba waliuawa wanawake watano ambao vifo vyao kwa kawaida huhusishwa na mtu mmoja, aliyepachikwa jina la Jack the Ripper na ambaye hadi leo hajajulikana. Magazeti yaliijaza mipumuo ile kati ya kifo na kifo kwa uvumi, barua zilizodaiwa kuandikwa na muuaji, na lawama kwa polisi. Watunzi waliofuata wamerithi mipumuo hiyo. Katika The A.B.C. Murders ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1936, mpelelezi Poirot anapokea barua zinazomtajia mji na tarehe kabla mauaji hayajafanyika, na msomaji anaihesabu siku pamoja naye. Kila maiti mpya ni msiba, lakini pia ni ushahidi mpya, kwa maana mpelelezi hana namna ya kuona mtindo wa muuaji mpaka jambo lijirudie. Ukimwondolea muuaji huyu nafasi ya kuua tena, umeivunja hadithi yake.

Muuaji wa halaiki hampi mtunzi zawadi hiyo. Hakuna kifo kinachofuata cha kuogopwa, na swali la nani ametenda mara nyingi limekwisha kujibiwa kabla polisi hawajafika. Kinachobaki ni kabla na baada. Lionel Shriver alilielewa hilo vizuri katika We Need to Talk About Kevin, riwaya ya mwaka 2003 iliyopata tuzo ya Orange nchini Uingereza mwaka 2005. Mama anamwandikia mumewe barua kuhusu mtoto wao aliyeua watu shuleni, na msomaji anajua mapema kwamba maafa yametokea. Kinachomvuta aendelee ni kutaka kujua kama mtoto yule alizaliwa vile au alilelewa akawa vile, na kama masimulizi ya mama mwenye majeraha yanaaminika. Kwa maoni yangu kazi ya namna hii ni ngumu zaidi kuliko ya mfululizo, na ndiyo maana wengi huiharibu kwa kumleta mtu mwenye bunduki asiye na jana wala ndugu.

Si kwamba waandishi wa mfululizo hawana dhambi zao. Wametuzoesha muuaji mwenye akili za ajabu, mjuzi wa muziki na mvinyo, anayewazidi polisi wote kwa maarifa. Ripoti iliyotokana na mkutano ule wa 2005 iliitaja dhana hiyo ya muuaji mwerevu kupindukia kuwa ni moja ya ngano zinazowapotosha watu, na ikaongeza kwamba wengi wa wahalifu hao wana familia na ajira na huonekana watu wa kawaida kabisa. Mtu wa kawaida kabisa, kwa kweli, anatisha zaidi.

Tuurudie mswada wako. Je, wageni wale saba wanakufa kwa mkupuo, au mmoja baada ya mwingine huku waliosalia wakijua? Katika And Then There Were None ya mwaka 1939, Christie huyohuyo anawaweka watu kumi kwenye kisiwa karibu na pwani ya Devon, wanasikia santuri ikimshutumu kila mmoja wao kwa kifo fulani, kisha wanaanza kufa mmojammoja kwa siku chache bila mashua ya kuwaokoa. (Sitamtaja muuaji, kwani wapo ambao bado hawajaisoma.) Polisi anayeikuta nyumba yenye maiti kumi anaweza kuliona kuwa tukio moja, lakini msomaji ameliishi kama mfululizo, maana baada ya kila kifo wahusika wanakula, wanafunga milango, wanapekuana na kuhesabiana. Ikiwa wageni wako wana saa kadhaa za kushukiana, fuata njia hiyo na uipe kila saa kazi yake. Ikiwa wote wanakufa kabla hawajajua kinachoendelea, punguza kurasa za usiku wenyewe, uzipeleke nguvu zako kwenye majuma yaliyotangulia na siku za mazishi: ndugu wanaoitwa kutambua maiti, na mwenye nyumba ya wageni ambaye hakuna tena anayekuja kulala kwake.

SWALI: Je, yule anayehama mahali hadi mahali akiua ndani ya siku moja au mbili bila kutulia tuwekeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Wataalamu walimtengea fungu la tatu, lakini mkutano wa San Antonio uliona kwamba fungu hilo halina faida kubwa kwa wapelelezi. Kwa mtunzi lina faida, kwa sababu huyu hana maisha ya kawaida ya kurudia na hana pa kujificha, hivyo hadithi yake inageuka kuwa ya kufukuzana, na ramani na saa vinakuwa muhimu kuliko alama za vidole.