Jibu: Gari inachemsha mlima wa Newala tu

Salama mkuu. Umesema mjini Mtwara mshale wa joto la injini umetulia, ila ukipanda Newala unakimbilia kwenye nyekundu. Basi feni iache kwanza. Feni mbovu ingekuchemshia ukiwa umesimama pale sokoni. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto usiguse mfuniko wa rejeta, mimi nina kovu mkononi), fungua rejeta, ile inayopoza maji ya injini, uchungulie. Yangu ilikuwa na ukoko wa kahawia, maana nilikuwa najazia maji ya kisima yenye chumvi. Fundi akang'ang'ania kutoa themostati (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta), haikusaidia kitu. Rejeta ilipozibuliwa nikaweka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), ikapona. Ila ukiwasha gari mfuniko ukiwa wazi na mapovu yakatoka bila kukatika, shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Hapo mlima usipande tena.