Servo kwenye droni: ipe umeme wake

Droni ilikuwa imetulia angani, kama mita sita juu ya uwanja, nilipovuta swichi ya kuachia mzigo. Servo, kile kimota kidogo kinachogeuza mkono wake hadi pembe unayoiambia, ikalia kidogo, taa za kontrola, ule ubongo wa droni, zikazimika, mota zote nne zikanyamaza kwa pamoja. Kazi ya miezi minne ikaja chini chali. Mkono mmoja wa fremu ukakatika, mapanga matatu yakapasuka, betri ikabonyea ubavuni. Uwanja ulikuwa mtupu, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Tangu siku ile nimefunga servo kwenye droni tatu, na zote zinafanya kazi. Kijana akija kuniuliza jinsi ya kufunga ya kwake, namwanzia kwenye umeme, kabla hata hajaniambia servo anaitakia nini.

Mimi niliitaka kwa ajili ya baba mdogo. Analima kabichi na karoti Lushoto, na chemchemi anayoitegemea iko ng'ambo ya korongo. Mpira wa maji ulitakiwa kuvuka hewani, ukining'inia kwenye kamba. Kushuka korongoni na kamba mgongoni na kupanda upande wa pili ni kazi ya nusu siku, na mawe ya kule yanateleza. Akaniambia, "Mwanangu, hicho chombo chako hakiwezi kunivushia hata uzi tu? Uzi ukivuka, kamba nitaivuta mwenyewe." Droni nilikuwa nayo: fremu ya F450, mota za 2212, betri ya seli tatu, kontrola ya F4 yenye programu ya ArduPilot. Kilichokosekana ni kidole cha kushika uzi na kuuachia. Nilikuwa nimeshasikia habari za droni za kampuni ya Zipline zinazodondosha damu kwa hospitali za Rwanda tangu 2016, kwa hiyo wazo la kuachia mzigo hewani bila kutua halikunitisha.

Nikanunua servo ndogo ya gramu 9, aina ya SG90. Ina nyaya tatu: kahawia ni hasi, nyekundu ni chanya, ya rangi ya chungwa ni ya ishara. Inatumia volti 4.8 hadi 6. Kwenye kontrola palikuwa na tundu la volti 5 limekaa wazi, tena jirani kabisa na tundu la ishara. Nikachomeka hapo, nikaijaribu mara mbili mezani, ikazunguka vizuri, nikaamini nimemaliza.

Kumbe hizo volti 5 ndizo zinazolisha ubongo wenyewe wa droni, pamoja na risiva, inayopokea amri za rimoti, na GPS. Servo ikitulia haili kitu cha maana. Ikianza kusukuma, na hasa ikikwama, inavuta zaidi ya nusu ampea kwa mkupuo. Siku ile pini ilikwama kwenye pete ya mzigo. Servo ikakaza, volti zikashuka, kontrola ikazimika na kujiwasha upya. Kujiwasha kunataka sekunde kadhaa, na kutoka mita sita droni inafika chini kwa sekunde moja na ushei.

Nililithibitisha hilo baadaye mezani, mapanga nikiwa nimeyafungua. Nikaweka maltimita kwenye chanya na hasi za kontrola, ikasoma 5.0. Nikaubana mkono wa servo kwa plaizi usisogee, nikavuta swichi. Namba ikaanguka hadi 4.3 na taa ya GPS ikazimika. Maltimita ya kawaida ni nzito, haiwahi kuona mwisho wa lile anguko, kwa hiyo naamini volti zilishuka chini zaidi ya hapo. Ukitaka kuelewa jambo hili vizuri, lifanye mwenyewe hivyo hivyo. Dakika tano za kuitazama ile namba ikiporomoka zitakufaa kuliko maelezo yangu yote.

Dawa yake ni BEC ya peke yake, kile kisanduku kidogo kinachopunguza umeme wa betri kuu. Betri ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6, BEC inazishusha hadi 5. Chukua ya ampea 3, usibane matumizi hapo. Waya nyekundu ya servo itoke kwenye BEC tu, isiguse kabisa chanya ya kontrola. Waya ya ishara itoke kwenye kontrola. Lakini hasi zote, ya servo, ya BEC na ya kontrola, lazima zikutane. Hapa ndipo wengi hukosea: wanatenganisha kila kitu, servo inatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu wanasema ni mbovu. Ishara inapimwa dhidi ya hasi. Kama hasi hazikukutana, servo haina namna ya kujua inaambiwa nini. Mimi huongeza na kapasita, inayoweka akiba ndogo ya umeme, ya maikrofaradi 470 kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na servo, nikiangalia mguu wenye mstari ukae kwenye hasi. Na kabla ya kuchomeka servo, pima kwanza umeme unaotoka kwenye BEC. Ziko zinazoweza kubadilishwa kati ya volti 5, 9 na 12, na hujui aliyeishika kabla yako aliiacha wapi.

Ukishamaliza umeme, angalia ishara. Servo za aina hii husubiri mapigo 50 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio unaoiambia ikae wapi: maikrosekunde 1000 upande mmoja, 1500 katikati, 2000 upande wa pili. Mota za droni hazitumii mwendo huo. ArduPilot, kama hukubadilisha kitu, huzipelekea ESC za kawaida, yaani vidhibiti mwendo vya mota, mapigo 490 kwa sekunde. Sasa, matundu ya kontrola yamepangwa kwa makundi, na kundi moja lina mwendo mmoja. Ukiiweka servo kwenye tundu lililo kundi moja na mota, itapigwa mapigo 490. Yangu ya pili ilipata moto mpaka kidole hakikai, nikaiwahi kuichomoa. Fungua mchoro wa kontrola yako, tafuta kundi lisilo na mota hata moja, weka servo huko. Kwangu lilikuwa tundu la saba.

Kwa hiyo kwenye programu niliandika SERVO7_FUNCTION kuwa 28, maana yake kishikio, na RC8_OPTION kuwa 19 ili swichi ya chaneli ya nane iwe ya kuachia. GRIP_ENABLE nikaweka 1, GRIP_TYPE pia 1. Kisha GRIP_GRAB na GRIP_RELEASE, ambazo ni nafasi ya kushika na nafasi ya kuachia, zirekebishe kwa sikio. Servo ikifika mwisho wake na kuendelea kunguruma, inasukuma kitu kisichosogea, inakula umeme na kujichosha. Rudisha namba kidogo kidogo mpaka inyamaze.

Sasa kishikio chenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Usitundike mzigo kwenye mkono wa servo. Gia za SG90 ni za plastiki, na mzigo ukining'inia humo unazivuta muda wote wa safari. Mzigo ubebwe na pini. Kazi ya servo iwe kuichomoa pini tu. Nilichukua kipande cha bomba la plastiki la maji, nikakipasha joto, nikakikunja kiwe na kuta mbili zinazotazamana, nafasi ya milimita 8 kati yake. Nikatoboa tundu moja kila ukuta, yakiwa kwenye mstari mmoja. Pini ni spoku ya baiskeli, unene wa milimita 2, ncha nimeisugua kwa msasa mpaka ikateleza. Pete ya mzigo inakaa katikati ya kuta na spoku inapita ndani yake. Upande wa pili spoku imekunjwa na kuingia kwenye mkono wa servo, tundu lililo milimita 10 kutoka katikati. Servo ikigeuka nyuzi 90, spoku inasogea milimita 14, inatosha kutoka nje ya pete na kubaki bado imeshikwa na ukuta wa kwanza. Uzito wote uko kwenye kuta. Servo inapambana na msuguano peke yake.

Pete nayo ina habari yake. Ile iliyoniangusha ilikuwa pete ya ufunguo, ile ya waya uliozungushwa mara mbili. Ncha ya spoku iliingia kwenye mwanya wa pete ikanasa. Siku hizi natumia pete ya pazia, nzima na laini.

Nikakaa mezani nikavuta swichi mara hamsini na mzigo wa gramu 300 ukining'inia: mara nyingine nikiuinamisha pembeni, mara nyingine nikiuyumbisha. Nikazima rimoti nione pini inafanya nini. Ilikaa palepale, na ndivyo nilivyotaka. Nikachomoa betri na kuirudisha, kwa sababu servo nyingi hushtuka umeme unapoingia, na mshtuko huo usiwe mkubwa kiasi cha kuachia mzigo. Ule mtihani wa plaizi nikaurudia pia. Safari hii kontrola ilibaki kwenye 5.0.

Kishikio, servo na BEC pamoja havikufika gramu 60. Vifunge chini katikati kabisa, la sivyo droni itaegemea upande mmoja na mota za upande huo zitachoka mapema. Ikiwa droni yako tayari inahitaji zaidi ya nusu ya gesi ili kuelea tu, haina nafasi ya mzigo. Na kibali usikipuuze, kinatolewa na mamlaka ya usafiri wa anga: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, na kudondosha kitu kutoka angani ni jambo la kuulizia mapema kabla hujalifanya.

Lushoto tulitumia mshipi wa kuvulia, mwisho wake tukafunga chupa ndogo ya mchanga ya gramu 150 ili mshipi ushuke wima, usipeperushwe kwenye mapanga. Binamu yangu alivaa glavu akashika kigogo cha mshipi, nikamsisitiza: ukikwama, piga kelele, nami naachia hapo hapo hata kama ni katikati ya korongo. Droni iliyofungwa na uzi uliokaza haiwezi kujitetea. Ng'ambo alikuwa baba mdogo, nyuma ya mti, mbali na mahali pa kuangushia.

Nilivuka nikiwa juu ya vilele vya miti, nikasubiri chupa iache kuyumba, nikashuka mpaka mita tatu, nikavuta swichi. Droni ilipanda kidogo kwa wepesi wa ghafla, hilo ni la kawaida, nikapunguza gesi. Baba mdogo alitoka nyuma ya mti na kuishika chupa kwa mikono miwili, akaanza kuvuta. Nyuma ya mshipi ikaja kamba ya manila, na kabla ya saa sita mchana mpira ulikuwa unaning'inia juu ya korongo.