Je, chai humkinga mtoto na mzio wa karanga?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Mufindi, ambako chai ndiyo shamba na ndiyo mshahara. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikunywa uji uliochanganywa na karanga, na kabla hajamaliza kikombe midomo ilimvimba na vipele vikamtoka mwili mzima. Hospitalini walituambia ana mzio wa karanga. Mdogo wake sasa ametimiza miezi sita. Jirani yangu amesoma kwamba chai ya kijani ina viambata vinavyozuia mzio, hivyo ananishauri nimpe mtoto vijiko viwili kila asubuhi, na karanga nisimwonjeshe hadi afikishe miaka mitatu. Je, nimsikilize?

JIBU: Marahaba, mama. Jirani yako hakubuni jambo hilo, ila amelivusha mpaka mahali ambapo halijathibitishwa.

Viambata anavyovisema huitwa polifenoli. Katika chai ya kijani nyingi kati ya hizo ni katekini. Katika chai ya rangi sehemu kubwa ya katekini hugeuka kuwa viambata vingine pale majani yanapoachwa yabadilike rangi kiwandani. Ulimi wako unazifahamu tangu zamani, kwa kuwa chai iliyokaa mno kwenye birika huacha ukakasi, na ukakasi huo hutokana na polifenoli kuzishika protini za mate. Maabara zimeonyesha kwamba zinaweza kuzishika vivyo hivyo hata protini za karanga. Zimeonyesha pia kwamba katekini hupunguza kiasi cha histamini kinachomwagwa na seli za kinga, na histamini ni miongoni mwa kemikali zilizomvimbisha midomo mwanao. Huko Japani aina ya chai iitwayo Benifuuki imejaribiwa kwa watu wanaosumbuliwa na mafua ya chavua, na baadhi yao walipata nafuu. Lakini kumpunguzia mtu mzima kamasi si sawa na kumzuia mtoto asipate mzio wa chakula, na hakuna ushahidi kwamba mtoto mchanga aliyenyweshwa chai aliepuka mzio huo.

Madhara, kwa upande mwingine, yanajulikana vizuri. Polifenoli zinazoshika protini hushika pia madini ya chuma yaliyomo katika nafaka, maharage na mboga za majani, hata mwili ukashindwa kuyafyonza ipasavyo. Mtoto wa miezi sita anakaribia kumaliza akiba ya chuma aliyozaliwa nayo, kwa hiyo vijiko hivyo viwili vinaweza kumnyima kile hasa anachokihitaji katika uji wake. Kafeini nayo haimfai. Usimpe chai, iwe ya kijani au ya rangi.

Ama kuhusu karanga, ushauri wa kungoja miaka mitatu ulitolewa hata na madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2000, wakauacha mwaka 2008. Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi, mzio wa mayai, au vyote viwili, walioanza kufuatiliwa wakiwa na umri wa kati ya miezi 4 na 11. Nusu yao walilishwa vyakula vyenye karanga mara kwa mara na nusu wakaepushwa navyo kabisa. Walipofika miaka mitano, takriban asilimia 17 ya walioepushwa walikuwa na mzio wa karanga, ilhali kati ya waliolishwa ilikuwa takriban asilimia 3. Kinachoifundisha kinga ya mtoto kuivumilia karanga ni karanga yenyewe, ikipitia tumboni mapema.

Hata hivyo usianze leo nyumbani. Kwa kuwa kaka au dada yake aliathirika, na hasa ikiwa mdogo huyu ana pumu ya ngozi, mpeleke kwanza kwa daktari amchunguze na, akiona inafaa, kionjo cha kwanza kitolewe mbele yake. Akiruhusu, tumia karanga zilizosagwa laini na kuyeyushwa katika uji mwepesi, kamwe si punje nzima, kwani humkaba mtoto. Kisha uendelee kumpa kila wiki, maana kionjo kimoja kikifuatwa na miezi ya kuacha hakitoshi. Uliza mashineni unga wa lishe unaonunua umechanganywa na nini, kwa sababu mara nyingi karanga zimo, na kwa mkubwa huyo ni hatari. Vyombo vyao vitenganishwe. Mtoto akivimba midomo, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida baada ya kula, mkimbize hospitali mara moja.

Chai ya Mufindi inywe wewe mwenyewe, lakini iache ipite saa moja au zaidi baada ya chakula, kwani wewe unayenyonyesha pia unahitaji chuma.